Mombasa Ni Mbali Kiasi Gani?

Majuma mawili yaliyopita nilitaja katika mazungumzo haya, kwa kupita tu, kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa kwa njia ya anga ni kilomita 320 hivi, na kwamba ndege haina haja ya kukaa hewani zaidi ya saa moja. Tangu siku hiyo sipiti Kariakoo kwa amani. Fundi saa mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alinishika mkono akaniambia: "Mzee, umetudanganya. Mimi nilitoka hapa saa mbili asubuhi nikaingia Mombasa saa tisa alasiri, na kwa nauli niliyolipa ningepata mbuzi watatu." Nikamwuliza alipitia wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. "Nairobi," akasema. "Kwani kuna njia nyingine?"

Basi wiki hii nataka nimjibu fundi wangu, na wengine walionipinga, kwa sababu hesabu zangu ni sahihi na safari yake nayo ni ya kweli. Mambo mawili yanayopingana hivi hayakosi historia nyuma yake.

Tuanze na ramani. Chukua atlasi ya shule ya mtoto wako uweke rula. Dar es Salaam na Mombasa ziko karibu juu ya mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini; tofauti ya longitudo haifiki hata nusu digrii. Rubani akiruka Kipawa anaelekeza pua ya ndege kaskazini na karibu hana la kufanya zaidi ya hapo. Anapita juu ya Unguja, anaiona Pemba mkono wa kulia na Tanga mkono wa kushoto, na kabla chai haijapoa anaanza kuteremka. Sasa weka rula ile ile uende Dodoma. Utakuta ni mbali zaidi, yapata kilomita 390. Uwanja wa Kilimanjaro uko kilomita 450 hivi, na Mwanza 850. Upande wa wenzetu nako hali ni hiyo hiyo: kutoka Mombasa hadi Nairobi, mji mkuu wao wenyewe, ni kama kilomita 420. Maana yake ni kwamba mtu wa Mombasa yuko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko alivyo karibu na serikali yake. Najua wapo watakaonung'unika nikisema hivyo, lakini rula haina uraia.

Njia aliyopita fundi wangu ni hadithi nyingine. Dar es Salaam hadi Nairobi ni kilomita 670. Nairobi hadi Mombasa ni 420. Jumla ni 1,090. Yaani alipelekwa umbali wa zaidi ya mara tatu, akapandishwa bara hadi kwenye baridi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki kusubiri ndege ya pili, kisha akateremshwa tena pwani.

Wazee wetu wangecheka. Kwao umbali wa safari hii ulipimwa kwa upepo. Kusi likivuma, kuanzia mwezi wa nne hivi, jahazi linalotoka huku kwenda Mombasa lina upepo nyuma na lina mkondo wa bahari, ambao katika pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima na huzidi nguvu wakati huo wa kusi. Jahazi linalokwenda mwendo wa maili tano za bahari kwa saa lingemaliza maili 172 kwa siku moja na nusu, ukiacha kutia nanga usiku kwa kuogopa miamba. Lakini kurudi? Kurudi kwa kusi hiyo hiyo ni kuomba matatizo. Nahodha mwenye akili alisubiri kaskazi, kuanzia Desemba. Kwa hiyo mwanafunzi wa zamani wa chuo cha Mombasa aliyeulizwa kwao ni mbali kiasi gani, alikuwa na haki ya kujibu, "Unauliza mwezi gani?" Sidhani kama kuna jibu la kisayansi zaidi ya hilo.

Njia hiyo ya baharini ni ya kale mno. Ibn Battuta aliipita mwaka 1331, akalala Mombasa usiku mmoja tu, akaendelea na safari yake hadi Kilwa. Dar es Salaam wakati huo haikuwapo. Hata katika karne ya 19 palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi, mpaka Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga mji hapo katika miaka ya 1860. Mombasa ilikuwa imekwisha kuwa chini ya ukoo wake tangu mwaka 1837, baada ya Wamazrui kushindwa. Hivyo Dar es Salaam ilizaliwa ikiwa ndugu wa Mombasa, baba mmoja, aliyekaa Unguja. Mtu hakuvuka mpaka wowote kwenda huko, kwa kuwa mpaka haukuwapo.

Mpaka ulikuja mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kuchora mstari kuanzia mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, kwenda hadi ziwa Viktoria, ukiuzunguka mlima Kilimanjaro. Waliochora walikuwa Ulaya. Wadigo na Wasegeju, ambao mstari uliwapitia katikati ya mashamba na makaburi, hawakuulizwa. Hata hivyo, ni haki tuseme kwamba kwa miaka mingi mstari huo haukuwa mzito sana. Baada ya Vita vya Kwanza Tanganyika nayo iliwekwa chini ya Waingereza, na yeyote mwenye nauli au mwenye miguu alipita.

Na ndege nazo zilipoingia, zilifuata njia ya jahazi. Hili ndilo jambo ambalo vijana hawaliamini nikiwaambia. Katika miaka ya 1930 Wilson Airways, shirika dogo lililoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja, Florence Kerr Wilson, lilikuwa likibeba barua na abiria wachache kupita Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa za Imperial Airways, zile zenye tumbo la mashua, zilizotoka Southampton kwenda Durban. Zilipofika Kisumu zilikata kwenda Mombasa, kisha Dar es Salaam, kisha Lindi, zikaendelea Msumbiji. Hazikuhitaji uwanja. Zilitua baharini, ndani ya bandari, abiria akashuka kwa mashua kama aliyetoka kwenye jahazi. Kwa mwendo wake wa kilomita 265 kwa saa, ndege hiyo ilihitaji saa moja na dakika kumi na mbili hivi kumaliza safari ya Mombasa na Dar es Salaam. Nauli yake hatuizungumzii. Haikuwa ya babu yako wala ya babu yangu. Lakini njia ilikuwapo, iliyonyooka, zaidi ya miaka 80 iliyopita.

Tarehe 1 Januari 1946 likaanza shirika la East African Airways, mali ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Lilianza na ndege sita ndogo za mbawa mbili mbili, za mbao na kitambaa, aina ya de Havilland Dominie. Hizo zilikwenda kilomita 210 kwa saa, kwa hiyo Mombasa hadi Dar es Salaam ni saa moja na nusu kama hukutua njiani, ingawa kutua njiani ndiyo ilikuwa desturi: Tanga, kisha Unguja, kisha huku. Baadaye zikaja Lodestar na Dakota, zikapunguza muda hadi saa moja na kitu. Mwaka 1962 ikaja Fokker Friendship ya injini mbili, mwendo wa kilomita 450 kwa saa, na safari ikashuka chini ya saa moja.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hulichanganya. Tunadhani kila ndege mpya inapunguza muda kwa kiasi kile kile cha mwendo wake. Sivyo, kwa safari fupi. Jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa, kwa hesabu ya darasani, ingemaliza kilomita 320 kwa dakika 24. Lakini jeti inachukua dakika kadhaa kupanda na nyingine kadhaa kuteremka, na kati ya hapo mwendo wake kamili inaupata kwa muda mfupi mno. Ndiyo maana kati ya miji yetu hii miwili jeti na ndege ya panga boi hazitofautiani kwa zaidi ya dakika kumi au kumi na tano. Tangu mwaka 1962, basi, muda wa hewani haujapungua kwa kiasi cha maana. Muda ulioongezeka wote umeongezeka chini.

Mwaka 1967 nchi tatu zilitia sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na shirika la ndege likawa moja ya mashirika yake. Makao makuu ya ndege na ya reli yaliwekwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta Kampala. Hata reli ilikuwa imeunganika: tangu kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kilipokamilika mwaka 1963, garimoshi liliweza kutoka Mombasa kupitia Voi na Kahe likafika Dar es Salaam bila kubadilisha upana wa njia. Wazee waliofanya kazi katika mashirika hayo bado wapo mitaani, na ukikaa nao barazani watakuhesabia vituo vyote kwa mpangilio kama wanavyohesabu majina ya watoto wao.

Yaliyotokea mwaka 1977 yanajulikana, lakini yanasimuliwa kwa mkato mno. Shirika la ndege lilikuwa na madeni, na washirika walikuwa wakilaumiana nani hapeleki fedha makao makuu. Mwezi wa Januari ndege zikaacha kuruka. Tarehe 22 ya mwezi huo Kenya ikaunda Kenya Airways, na tarehe 4 Februari ndege za shirika hilo jipya zikaanza kazi. Siku hiyo hiyo ya tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ikazuia magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa huku. Mwezi wa Machi tukaunda Air Tanzania yetu. Sitaki kurudia ubishi wa nani aliyeanza. Niliusikia sana wakati huo, kwa pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na hoja yake.

Ninachotaka kukumbusha ni kwamba mpaka ule ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983, karibu miaka saba. Miaka saba ni mtoto kuzaliwa na kuingia darasa la kwanza. Katika muda huo mama wa Vanga mwenye dada Jasini, ambako kwa kawaida ni mwendo wa miguu, alikuwa na dada aliyeko ng'ambo. Waliokwenda walipita njia za panya usiku. Marais walipokutana Arusha na kukubaliana kufungua, watu wa Lungalunga na Horohoro hawakuhitaji kufafanuliwa maana ya ujirani mwema. Na mgawanyo wa mali za Jumuiya, uliosuluhishwa na Mswisi Victor Umbricht, ulitiwa sahihi mwaka uliofuata, 1984.

Mpaka ukafunguliwa, lakini njia ya anga iliyonyooka haikurudi kama ilivyokuwa. Wakati wa utengano kila nchi ilikuwa imejenga shirika lake kama buibui anavyojenga utando: nyuzi zote zinaelekea katikati, na katikati ni mji wa shirika lenyewe. Mombasa ikawa uzi wa Nairobi. Tanga na Unguja zikawa nyuzi za Dar es Salaam. Kati ya uzi na uzi hakuna kitu. Safari za moja kwa moja zimekuwa zikianzishwa, zinatangazwa kwa mbwembwe, zinaendeshwa muda fulani, halafu siku moja unaambiwa zimesimamishwa.

Niliyajua haya kwa gharama. Mwaka 1996 shangazi yangu, dada yake marehemu baba, aliyeolewa Mombasa na kuishi Kibokoni maisha yake yote, alifariki alfajiri. Simu ilitufikia saa moja asubuhi. Mazishi yangekuwa baada ya sala ya alasiri, kama ilivyo ada yetu, maiti haingojewi. Nilikwenda kwa wakala mmoja wa tiketi mjini nikiwa na fedha mkononi. Karani, kijana mpole, alipekua daftari lake, akapiga simu mbili, akaniambia hakuna ndege ya moja kwa moja siku hiyo, nipitie Nairobi, nitafika jioni. Basi la asubuhi lilikuwa limekwisha ondoka. Nilitoka nje nikasimama juani na fedha zangu, mtu anayezikwa akiwa umbali wa saa moja. Nilifika kesho yake nikakuta kaburi limekwisha mwagiwa maji. Binamu zangu hawakunilaumu. Mmoja alisema tu, "Wa Maskati wamefika, wa Dar hawakufika," na kweli alikuwapo kijana wao mmoja aliyetua usiku ule kutoka Arabuni.

Sasa nisije nikaonekana mtu wa kulalamika bila kutazama upande wa pili. Mwenye ndege naye ana hesabu zake. Ndege ya viti 70 isipojaa walau zaidi ya nusu inakula mtaji. Watu wanaotaka kwenda Mombasa kutoka Dar es Salaam siku ya Jumanne ya kawaida huenda wasifike idadi hiyo. Lakini ukiwakusanya Nairobi pamoja na waliotoka Kampala, Kigali na Ulaya, ndege inajaa. Hiyo ni biashara, na siwezi kumlaumu mfanyabiashara kwa kufanya biashara.

Lakini kuna sehemu ambayo si biashara. Ndege haivuki mpaka kwa kuwa mwenyewe anataka. Inavuka kwa mkataba wa serikali mbili, unaosema ni shirika lipi, mara ngapi kwa wiki, na kutoka mji upi hadi upi. Na ushuru wa kiwanja hautozwi kwa kilomita. Mtu wa Mwanza, aliye kilomita 850, analipa ushuru wa safari ya ndani. Mtu wa Mombasa, aliye kilomita 320, anahesabiwa msafiri wa kimataifa sawasawa na anayekwenda London, akalipa cha huku wakati wa kwenda na cha kule wakati wa kurudi. Safari ikiwa ndefu ushuru huo unamezwa ndani ya nauli. Ikiwa fupi, unakuwa ni nauli ya pili.

Wala si sisi peke yetu. Afrika Magharibi na ya Kati nchi 11 zilianzisha Air Afrique mwaka 1961, nalo likafa mwaka 2002. Kwa wale waliotawaliwa na Mwingereza, shirika lao la pamoja lilikuwa limeanza mwaka 1946, mwaka ule ule wa letu, na Ghana ikajitoa mwaka 1958 kwenda kuanzisha la kwake. Kila bendera ilitaka mkia wa ndege wa kupakwa rangi. Mwaka 1999 mawaziri wa Afrika walikutana Yamoussoukro, Ivory Coast, wakakubaliana kufungua anga. Mwaka 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga. Karatasi zote hizo zimeandikwa vizuri, na nimezisoma.

Kisha, Januari 2024, Tanzania ilitangaza kuzuia ndege za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, ikijibu Kenya kuikatalia Air Tanzania kibali cha ndege ya mizigo. Yalimalizwa kwa mazungumzo ndani ya siku chache, kabla watu wengi hawajakwama. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, kulikuwa na zuio kama hilo lililochukua wiki kadhaa. Angalia jinsi mambo yalivyo: ugomvi ni wa Nairobi na Dar es Salaam, kuhusu mizigo, au kuhusu orodha ya nchi zenye ugonjwa, na anayeshindwa kwenda kuzika ni mtu wa Kibokoni.

Kwa hiyo wengi wetu tunarudi kwenye basi. Kwa barabara, kupitia Chalinze, Segera na Tanga, ni zaidi ya kilomita 500, kwa sababu lazima uingie bara kwanza ndipo urudi pwani. Mchana mzima unakwisha, na foleni ya Horohoro, na kivuko cha Likoni mwishoni. Kipande cha Tanga hadi Horohoro, ambacho zamani masika yalikigeuza kuwa shamba la mpunga, sasa kina lami. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha kwa ajili ya barabara ya pwani ya nchi hizi mbili, kwa huku ikiwamo ile ya kutoka Tanga kupitia Pangani kwenda Bagamoyo. Nilipita Pangani kutazama. Ng'ambo ya mto, mahali ambapo tangu ujana wangu tulikuwa tukisubiri kivuko, mzee mmoja muuza madafu aliniambia kwamba yeye hasafiri tena, ila amesikia kutoka hapo basi litakwenda Mombasa bila kupanda Segera. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ndivyo ilivyo kwenye mchoro.